Mtoto wa Kiume Jikoni, wa Kike Uwanjani: Malezi Yanavyovutana Albert Park

Mwaka 2022 ilizagaa habari Afrika Kusini kwamba Wizara ya Elimu ya Msingi inafuta vyoo vya wavulana na vya wasichana shuleni ili wote watumie vya pamoja. Wizara ikatoka kukanusha. Kilichokuwepo ni rasimu ya mwongozo kuhusu watoto wanaobaguliwa shuleni, ilikuwa bado kwenye mashauriano, na hakuna shule iliyoamriwa kubadili vyoo. Kanusho halikufika mbali kama uvumi ulivyofika. Miaka mitatu nyuma, 2019, ilikuwa vivyo hivyo kwa mada za elimu ya jinsia katika somo la stadi za maisha: wazazi walisikia kwamba watoto watafundishwa mambo ya chumbani, na wachache sana walipata nafasi ya kuufungua mtaala wenyewe wakausoma.

Kwa mzazi wa Albert Park, Durban, aliyetoka Bukavu, Bujumbura au Kigoma, habari kama hizi huja na uzito wa ziada. Zinamfikia kwa mdomo au kwa sauti za WhatsApp, zikiwa zimepita lugha mbili au tatu njiani. Akili yake inaunganisha haraka: shule wanamwambia mwanangu awe vile anavyotaka mwenyewe, kumbe maana yake ni hii. Kuanzia hapo, mwalimu akisema mvulana aachwe acheze ngoma au msichana aachwe acheze mpira, nyumbani inasikika kama sehemu ya mpango mmoja mkubwa.

Uchambuzi huu unajaribu kuyatenganisha yaliyochanganyika, kuzisikiliza pande zinazopingana, kisha kuzipima kwa hali halisi ya mtaa huu.

Maswali matatu yaliyofungwa fundo moja

Swali la kwanza linahusu kazi, michezo, hisia na ndoto. Nani apike, nani alie, nani asome sayansi, nani ashone. Swali la pili linahusu kanuni za shule: sare, nywele, hereni, suruali kwa wasichana. La tatu linahusu wale watoto wachache ambao nafsi yao, au mapenzi yao wakishakua, hayafuati njia ya wengi.

Ubishi mwingi hupotea njia kwa sababu mmoja anazungumzia la kwanza na mwenzake anamjibu la tatu. Mtoto wa miaka saba anayependa kukoroga uji hajatangaza lolote kuhusu maisha yake ya baadaye. Msichana anayekataa gauni na kupanda miti hajatangaza lolote pia. Wengi wa watoto wa namna hii hukua wakawa watu wa kawaida kabisa, wenye ndoa na wajukuu. Wachache watakuwa tofauti, na hao nao ni watoto wa watu. Hofu ya swali la tatu ndiyo inayofanya la kwanza lijibiwe kwa fimbo, na kwa hesabu ya madhara ya kila siku, la kwanza ndilo linalowagusa watoto wote bila kubakiza.

Mkanganyiko huo una sababu zake za haki. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 9, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsi, jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, na Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kulitaja waziwazi hili la mwisho katika katiba yake. Mzazi aliyetoka Burundi ameacha nyuma nchi iliyoharamisha mapenzi ya jinsia moja mwaka 2009. Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023, na Tanzania na Kenya zina vifungu vilivyorithiwa tangu enzi za ukoloni. Mtu akivuka mipaka kadhaa na kukuta sheria imegeuka juu chini, ni haki yake kuuliza.

Mtaa wenyewe

Albert Park iko kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Durban, upande wa bandarini. Ni mtaa wa maghorofa ya zamani yaliyojengwa kwa ajili ya watu wengine, na sasa yanakaliwa na Wazulu waliotoka vijijini, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania, Wazimbabwe na wengineo. Afrika Kusini haina kambi za wakimbizi. Tangu Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mwomba hifadhi anaishi mjini na kujitafutia riziki. Kiswahili kinasikika ngazini na kwenye saluni, na mara nyingi ndicho kinachowaunganisha watu wa Kivu na watu wa Kigoma ambao vinginevyo wasingeelewana.

Hapa ndipo mpangilio wa zamani wa nyumba unapoyumba. Kazi ambayo wanaume wa Kikongomani wa Durban wameishika kwa miaka mingi ni kulinda magari yaliyoegeshwa, wakitegemea sarafu anazotoa dereva anapoondoka. Wapo miongoni mwao waliokuwa walimu, makarani au wanafunzi wa chuo kikuu kwao. Vyeti havikutambuliwa, makaratasi ya hifadhi ni ya muda, ajira rasmi imefungwa. Mwanamke naye anasuka nywele, anauza nguo, anafanya usafi, na kuna miezi anayoleta nyumbani zaidi ya mume.

Chukua chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande huu familia moja, upande ule nyingine. Mama anarudi saluni saa moja usiku na vidole vimekufa ganzi. Baba ameshatoka kwenda zamu ya usiku. Mkubwa wa watoto ni mvulana wa miaka kumi na moja. Ugali hapo ataupika nani? Anaupika yeye, mlango ukiwa umefungwa, na siku ya wageni mama anasema amepika yeye mwenyewe.

Hali hii ndiyo mzizi wa ubishi mzima. Baba aliyepoteza nafasi yake ya kulisha nyumba amebakiwa na sehemu chache za kuonyesha kuwa bado ni baba, na mojawapo ni kumsimamia mwanawe wa kiume awe mwanamume. Ndiyo maana baadhi ya wazazi huwa wakali Durban kuliko walivyokuwa kwao. Ukali huo wanauita mila, lakini chanzo chake kipo kwenye kupoteza kazi na heshima. Anayekuja kuwahubiria kuhusu haki za mtoto bila kuliona hilo hatasikilizwa, na kwa kweli hastahili kusikilizwa.

Hoja ya mila na maumbile

Upande wa kwanza unasema: mvulana na msichana wana njia zao, wahenga walizipanga, dini zikazithibitisha. Mtoto asiyejua njia yake anapotea. Jando na unyago vilikuwepo ili asipotee.

Hoja hii ina nguvu ambayo wapenda mabadiliko huidharau. Mtoto anahitaji kujua yeye ni wa nani. Familia iliyong'olewa kwao, ikaishi kwenye jengo ambalo majirani wanaiita makwerekwere, jina la dharau kwa wageni Waafrika, haiwezi kumpa mtoto ardhi wala ukoo unaoonekana. Inachoweza kumpa ni lugha, sala, chakula, namna ya kusalimia wakubwa, na picha ya mwanamume na mwanamke wa kwao. Ukimwambia mzazi avunje hiyo picha, anasikia kwamba anaombwa atupe kidogo alichofanikiwa kuvuka nacho mpaka.

Lakini mila yenyewe ukiitazama kwa karibu haisemi yale inayosemewa. Nenda harusi yoyote ya pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, uone nani anapika pilau. Ni wanaume, wamekunja mikono ya kanzu au wamevaa shuka, wamesimama mbele ya masufuria ambayo mtoto angeweza kukaa ndani yake, moshi wa kuni ukiwaliza machozi, wanageuza wali kwa miiko mirefu kama makasia. Hakuna anayewacheka. Anayekaa barazani na cherehani akishona magauni ya wanawake kwa kawaida ni mwanamume. Anayeuza chipsi na mishikaki usiku ni mwanamume. Jikoni mwa hoteli wamejaa wanaume. Kinachoonekana hapo ni kwamba kazi ile ile hupewa mwanamke inapokuwa ya bure nyumbani, na mwanamume anaishika bila aibu inapoleta fedha au sifa. Siamini kwamba wahenga walikaa kikao kupanga hilo. Ni uchumi.

Na walioivuka mipaka ya zama zao ndio tunaowaita fahari yetu leo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, mtoto wa watu maskini, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo wakati jukwaa la taarabu lilikuwa la wanaume. Bibi Kidude alipiga ngoma na kuimba hadi uzee wake, akafariki mwaka 2013 akiwa amezunguka dunia. Utamaduni uliowakataa mwanzoni ndio unaowatumia sasa kujinadi kwa wageni.

Udhaifu mwingine wa hoja ya mila ni kwamba gharama yake haigawanywi sawa. KwaZulu-Natal inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 2016 wilaya ya uThukela ilitoa ufadhili wa masomo kwa wasichana kwa sharti la kubaki bikira na kupimwa, na Tume ya Usawa wa Jinsia ikasema sharti hilo ni kinyume cha Katiba. Wavulana hawakuwekewa sharti la namna hiyo. Sheria ya Watoto ya 2005 ilikuwa tayari imepiga marufuku upimaji huo kwa walio chini ya miaka 16.

Wapo wanaoiacha mila na kushika maumbile: mvulana huzaliwa na vurugu zake, msichana na upole wake. Kuna ukweli ndani yake. Tafiti zimeonyesha kwamba homoni za kabla ya kuzaliwa zina athari kwa aina ya michezo ambayo watoto huipendelea, na mzazi mwenye watoto wa jinsia zote mbili anaweza kutoa ushahidi wake. Ila wastani wa kundi haukuambii lolote la uhakika kuhusu mtoto mmoja aliye mbele yako. Na maumbile nayo hayapangiki kirahisi hivyo. Kwenye jukwaa la washindi wa mita 800 wanawake, Rio 2016, walisimama Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, na wote watatu baadaye wakazuiwa na kanuni za riadha kwa sababu ya homoni walizozaliwa nazo. Mungu aliwaumba hivyo. Binadamu ndio walioshindwa kupata kisanduku cha kuwaweka.

Hoja ya usalama

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nasikitika kwamba katika semina na vipeperushi hupitiwa haraka haraka. Mzazi anasema: mimi sina tatizo na mwanangu akipenda kusuka au akilia, lakini nje watamuua. Nje watoto wa Kizulu wameshafundishwa kwamba indoda ayikhali, mwanamume halii. Mwanangu tayari ni mgeni, jina lake geni, lafudhi yake ngeni. Nimuongezee na la pili?

Hofu hii haikutungwa. Mei 2008, Aprili 2015 na Machi 2019 Durban ilishuhudia mashambulizi dhidi ya wageni kutoka nchi nyingine za Afrika. Januari 2009 kundi lenye silaha lilivamia jengo la Venture Africa, katikati ya jiji, na watu wakaanguka kutoka ghorofani. Miongoni mwa waliofariki alikuwemo Mtanzania. Mzazi aliyeishi mtaa huu miaka hiyo anajua ghorofa hizo zina urefu gani. Anapomwambia mwanawe "jikaze", nyuma ya neno hilo kuna picha anazozikumbuka.

Kwa hiyo hoja inasimama: kuna hatari ya kweli, na anayeibeba ni mtoto mwenyewe. Mshauri wa malezi anayekaa kwenye kitongoji chenye geti na mlinzi hana haki ya kumwona mzazi huyu mshamba.

Tatizo liko kwenye dawa, maana dawa inampeleka mtoto kule kule kwenye ugonjwa. Kumkaza mvulana kuna vitendo vyake: anafukuzwa jikoni, anaambiwa akacheze na wanaume wenzake, anaachwa arudi usiku kwa kuwa mwanamume hafungiwi ndani. Msichana naye anafungiwa. Utafiti wa kimataifa kuhusu vijana wadogo uliochapishwa mwaka 2017, uliogusa nchi 15, Kinshasa ikiwa mojawapo ya miji yake, ulikuta jambo hili karibu kila mahali: kufikia miaka 10 au 11 watoto wameshameza imani kwamba msichana ni dhaifu wa kulindwa na mvulana ni imara wa kujitegemea, na kuanzia hapo eneo la msichana linapungua huku la mvulana likipanuka.

Sasa tazama eneo la mvulana wa Albert Park linapanukia wapi. Bustani iliyoupa mtaa jina lake ilikuja kuitwa Whoonga Park miaka ya 2013 na 2014, kwa sababu mamia ya vijana walikuwa wakiishi na kuvuta humo whoonga, heroini hafifu inayochanganywa na bangi. Afrika Mashariki tungewaita mateja. Mwaka 2014 waliondolewa, wakatawanyika mitaa ya jirani, na biashara haikuisha. Wengi mno wa vijana hao ni wa kiume. Hakuna mzazi aliyemtuma mwanawe kule. Lakini kanuni isemayo nyumbani ni pa wanawake inamtuma nje, na nje ya hapa ndiyo hiyo.

Huyo huyo aliyezoezwa kutolia hana namna ya kusema alipigwa njiani, aliibiwa simu, aliguswa na mtu mzima, au alipewa kitu avute. Kukaza kulikusudiwa kumlinda, na kumemnyang'anya kinga ya kwanza ambayo mtoto anayo, yaani kusema. Msichana aliyefungiwa ndani naye hajawa salama kwa lazima: kwenye nyumba za pazia, zenye wapangaji wengi, hatari yake mara nyingi imelala chumba kile kile. Naye kafundishwa kuwa mpole na mtiifu kwa wakubwa.

Hapo hoja ya usalama inageukia upande wa pili. Anayetaka mwanawe awe salama Albert Park anahitaji mvulana anayeweza kukaa ndani bila aibu, na msichana anayeweza kupiga kelele.

Hoja ya uhuru, na mahali inapopwaya

Wanaosema mtoto aachwe awe mwenyewe wana ushahidi mzuri. Mwaka 2017 jarida la *Science* lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani: wasichana wa miaka mitano waliwaona watu wa jinsia yao kuwa wanaweza kuwa na akili nyingi mno, sawa na wavulana walivyowaona wa kwao, lakini kuanzia miaka sita imani hiyo ilikuwa imeanza kupungua, na baadhi wakaepuka michezo waliyoambiwa ni ya wenye akili nyingi. Kitu fulani kinaingia kati ya chekechea na darasa la kwanza.

Kwa wavulana madhara yanaonekana wazi katika kusoma. Katika upimaji wa kimataifa wa PIRLS wa 2016, wasichana wa darasa la 4 wa Afrika Kusini walipata wastani wa alama 347, wavulana 295. Pengo hilo lilikuwa kati ya makubwa zaidi duniani, katika nchi ambayo kwa jumla asilimia 78 ya watoto wa darasa hilo hawakuweza kusoma na kuelewa. Sababu ni nyingi: madarasa kujaa, lugha ya kufundishia, walimu wenyewe. Ila kitabu kikishaonekana ni cha watoto watulivu, na utulivu ukishaonekana ni wa kike, mvulana ana sababu moja zaidi ya kukiweka chini.

Na Durban ina mfano wake wa jinsi "haiwezekani" inavyozeeka. Mbio za Comrades, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianza mwaka 1921. Mwaka 1923 Frances Hayward aliomba kushiriki, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke, akakimbia hivyo hivyo bila namba na kufika. Wanawake walikuja kuruhusiwa rasmi mwaka 1975, miaka 52 baadaye. Kwetu, mwaka 2022, wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Si vigumu kuwawazia wakiwa watoto wa kike wanaoitwa warudi nyumbani kuosha vyombo.

Hata mbinu za kuwafungua watoto midomo zimo ndani ya utamaduni wetu. Mwaka 1996, kwa kushirikiana na watu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianzishwa mpango wa Tuseme, ambapo wanafunzi wa kike waliigiza matatizo yao shuleni badala ya kuhubiriwa. Baadaye ukasambaa nchi nyingine za Afrika. Watoto walitumia ngoma, ngonjera na igizo, vitu ambavyo bibi zao wangevitambua.

Hoja ya uhuru inapwaya mahali pawili. Kwanza, wanaoieneza mara nyingi huileta kwa maneno ya watu wenye nafasi: nunua midoli ya aina zote, mpeleke mtoto darasa la dansi, mwache achague rangi ya chumba. Chumba kipi? Mzazi anayelipia kitanda tu, si chumba, anasikia kwamba somo hili si lake, wakati ni lake kuliko la mwingine yeyote. Pili, hutamka "awe vile alivyo" kana kwamba mtoto huzaliwa amekamilika na kazi ya mzazi ni kukaa pembeni. Mtoto hufunzwa. Heshima, kazi, ukweli na kuwajali wengine havioti vyenyewe. Mzazi wa Kiswahili anayekataa kumwachia mtoto kila kitu yuko sahihi. Swali ni lipi la kumfunza kwa kuwa ni utu, na lipi tunamfunza kwa kuwa tu ana umbo fulani.

Sheria inapomfika mzazi

Kwa ufupi, yapo mambo ambayo hayabishaniki tena. Kuchapa shuleni kulikatazwa na Sheria ya Shule ya 1996. Tarehe 18 Septemba 2019 Mahakama ya Katiba ilifuta utetezi wa zamani kwamba mzazi anaweza kumpiga mtoto kwa kumrudi kiasi. Baba anayempiga mwanawe kwa sababu amekutwa akisuka nywele za dada yake hana tena pa kujificha kisheria. Kifungu cha 28 cha Katiba kinaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, na hakiulizi makaratasi ya baba yake. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua kwamba hata mtoto asiye na hati ana haki ya kusoma.

Kuhusu kanuni za shule, Durban yenyewe ndiyo iliyozaa kesi ya kuongoza. Ni ya msichana wa shule ya Durban Girls' High, mwenye asili ya India Kusini, aliyekatazwa kipini cha puani. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba shule ilimbagua, na kwamba kanuni kuwa moja kwa wote hakutoshi, inapaswa kumpa nafasi mtoto ambaye inamuumiza pasipo sababu ya msingi. Kesi ilihusu dini na utamaduni. Hata hivyo njia yake ya kufikiri inamfaa mzazi anayetaka binti avae suruali wakati wa baridi, au mvulana aachiwe nywele, na inamfaa pia mzazi anayetaka binti yake avae hijabu. Wengi hawajaliona hili: kinga ile ile inayomlinda mtoto wa jirani na matakwa yenu, inawalinda nyinyi na matakwa ya jirani.

Mizani

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naona mzigo haupaswi kutuliwa mahali pamoja. Nyumbani ndipo pa kuanzia, kwa kuwa hapo hatari ni ndogo na mamlaka ni ya mzazi. Ndani ya mlango, kazi zigawanywe kwa umri na zamu. Mvulana apike hadharani, hata wageni wakiwepo, na baba akiweza asimame naye jikoni, maana hakuna hotuba itakayozidi hilo. Ruhusa ya kulia iwe ya wote. Haya hayagusi dini ya mtu wala hayamfanyi mtoto asijue kwao.

Barabarani ni jambo jingine, na hapa natofautiana na wanaharakati wanaotaka mtoto awe shujaa kila mahali. Mtoto wa miaka tisa hana deni la kuibadilisha Durban. Ana haki ya kufundishwa kuusoma mtaa: wapi aongee lugha gani, wapi apite na mwenzake, lini anyamaze na lini akimbie. Tofauti kubwa ni kati ya mzazi anayemwambia "huko nje watu wana matatizo yao, tuwe waangalifu" na anayemwambia "wewe ndiye mwenye tatizo". Wa kwanza anamfundisha tahadhari, wa pili anamwachia jeraha atakaloondoka nalo hata akihama mji.

Kuhusu wale watoto wachache wa swali la tatu, wazazi wa imani mbalimbali hawatakubaliana, na sitarajii makala imalize hilo. Ninalosema kwa uhakika ni kwamba kumfukuza mtoto nyumbani Albert Park ni kumpeleka kwa wavuta whoonga. Hakuna fundisho la dini ninalolijua, la Kikristo wala la Kiislamu, linalomtaka mzazi afanye hivyo kwa mtoto.

Shule nayo ina wajibu wa kueleza kabla ya uvumi kueleza kwa niaba yake. Mkutano wa wazazi unaoendeshwa kwa Kiingereza na Kizulu peke yake unawaacha wasemaji wa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi wapokee mwongozo kwa simu za marafiki. Mkalimani mmoja, mzazi mwenzao, angeokoa mengi.

Na wazazi wasingoje kualikwa. Kanuni za mwenendo wa wanafunzi, sare ikiwemo, hupitishwa na bodi ya shule, na kwa sheria wazazi waliochaguliwa lazima wawazidi wajumbe wengine wote wenye kura kwa mmoja. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka mitatu, wa Machi 2024 ukiwa mmojawapo, na anayepiga kura ni mzazi wa mtoto aliyeandikishwa shuleni hapo. Ukiletewa karatasi ya kuitwa mkutanoni, nenda, na ukiwa na swali kuhusu vyoo, sare au masomo, liulize mle ndani.